Anayekata Hachagui

Kesi ambayo mji mzima umeshaihukumu ilimchosha Inspekta Filipo kuliko kesi isiyo na shahidi hata mmoja. Asubuhi ile, kutoka nyumbani kwake hadi hospitali ya mkoa, watu watatu walimsimamisha njiani kumweleza ni nani aliyemuua Mzee Mselemu. Muuza magazeti alijua. Fundi viatu alijua. Mwendesha baiskeli mmoja, ambaye hakuwa hata na breki, alijua kuliko wote: ni yule binti wa duka la dawa, Cecilia, aliyemuuzia mzee wa watu vidonge bandia. Lisemwalo lipo, alimalizia, akaondoka akiburuza miguu chini ili baiskeli isimkimbie.

Mzee Mselemu alikuwa mfanyabiashara wa vitunguu na mafuta ya alizeti, na Singida nzima ilimfahamu. Jumamosi alianguka sokoni katikati ya magunia yake, mkono ukiwa kifuani, na hakuamka. Mwaka uliotangulia alikuwa ametibiwa moyo India, akarudi amenenepa, na watu wakasema pesa ya soko huria inanunua hata miaka. Kwa hiyo alipokufa, mwanawe Rahimu hakungoja matanga yaanuliwe. Alikwenda polisi akasema: baba yangu alipona India, sasa kafa Singida, na kitu pekee alichokitia mwilini hapa Singida ni vidonge vya duka la Cecilia. Cecilia akakamatwa. Jioni yake vijana wakalipiga duka mawe mpaka rafu zikalala chini.

Mkuu wa upelelezi alitaka binti huyo afikishwe mahakamani kesho yake. Filipo aliomba siku moja, akapewa, ila kwa uso wa mtu anayempa mwenzake ndizi yake ya mwisho.

Dokta Luciana, aliyefanya uchunguzi wa maiti, alimpokea akiwa ameshika kichupa cha kioo. Ndani yake kulikuwa na kibomba kidogo cha waya, chembamba kama unyasi na kimesukwa kama wavu.

"Hiki ndicho alichowekewa India," alisema. "Mshipa wa moyo ukiziba, wanakipitisha humo, wanakitanua, damu inapata njia. Vibomba vya zamani vilikuwa na shida moja. Mwili ukikuta kitu kigeni unakifunika kwa kovu, na kovu likizidi mshipa unaziba tena. Sasa wataalamu wamepaka dawa juu ya waya. Dawa inatoka polepole na kuzuia kovu. Kwa aina hii bado wako kwenye majaribio, na Mzee Mselemu alikubali kuwa mmoja wa wanaojaribiwa."

"Na jaribio limemuua?"

"Taratibu, Inspekta. Ile dawa inayozuia kovu inachelewesha na kupona kwenyewe. Waya unabaki mtupu, haujafunikwa na ngozi, na damu ikikutana na chuma kitupu inaganda. Ndiyo maana aliambiwa ameze kidonge cha kuzuia damu isigande, kila siku, bila kuruka. Mimi na wewe tukikosa kidonge hicho tutaendelea na shughuli zetu. Mwenye waya huu hana ruhusa hiyo."

"Na ulipofungua?"

"Damu imeganda ndani ya kibomba. Imejaa."

Filipo alikitazama kile kichupa. Alikumbuka wodi hizi hizi miaka ile baada ya vita vya Kagera, mgonjwa alipokuwa akiulizwa kama amekuja na bandeji yake. Leo moyo wa muuza vitunguu ulikuwa na chuma kilichopakwa dawa, na watu wa nje ya nchi walikuwa wakiulizia habari zake. Alijisikia mzee.

"Kwa hiyo vidonge vilikuwa bandia, au hakumeza," alisema.

"Au kuna jambo la tatu ambalo silijui. Nimevilinganisha vidonge mlivyochukua dukani na vile alivyokuja navyo kutoka India. Kiwanda kimoja, rangi moja ya waridi, muhuri mmoja. Mkemia wa serikali atatoa neno la mwisho, lakini kwa macho yangu ni vidonge halali."

"Basi hakumeza."

"Alimeza. Wale wa India walikuwa wakimpigia simu mara kwa mara, na jana nimeongea nao. Wana wasiwasi kweli, kwa sababu mgonjwa mmoja akifa lazima wajue kama waya umeshindwa au kuna kingine. Kila walipomuuliza kama anameza kila siku, alijibu ndiyo. Mkewe pia anasema hakuruka hata siku moja."

Filipo alitoka hospitali akiwa na kweli mbili zisizotaka kukaa chumba kimoja. Dawa ni halali, na mzee aliimeza kila siku. Hata hivyo damu iliganda.

Cecilia aliletwa kutoka mahabusu akiwa na kanga ya kuazima mabegani. Alikuwa mwanamke wa miaka thelathini hivi, mwenye macho mekundu ya kukosa usingizi, lakini mgongo wake ulikuwa umenyooka. Sajini Damari, mpelelezi mwenzake Filipo, alimsogezea kiti na kikombe cha chai.

"Vidonge vya Mzee Mselemu ulivitoa wapi?" Filipo aliuliza.

"Dar, afande. Kwa wakala yule yule ambaye daktari aliniandikia. Sijawahi kumbadilisha."

"Aliwahi kukudai dawa zaidi? Au pungufu?"

"Hapana. Alikuja kwa wakati wake kila mwezi. Nikamwambia kila mara, baba, usiruke. Ananijibu, siruki."

"Unamwita baba?"

"Ndiye aliyenitafutia fremu ya duka. Ni rafiki wa baba yangu mzazi tangu enzi za duka la kaya, vitu vilipokuwa vya mgao. Yeye alikuwa muuzaji, baba alikuwa dereva wa lori." Alizungusha kikombe. "Afande, naomba kitu kimoja. Baba yupo Mkiwa, anauza asali barabarani. Msimpelekee habari hizi. Tangu mazishi hajakaa sawa. Akisikia nipo ndani atakufa."

"Anaumwa?"

"Anasema uzee. Nikimwambia aje hospitali anasema nishughulike na mtaji wangu."

Alipoondolewa, Damari alifunga mlango. "Mkiwa," alisema. "Kikulacho ki nguoni mwako, afande. Binti anauza dawa, baba yake ni rafiki wa marehemu. Nani angemshuku?"

"Na wangepata nini? Mteja wao bora amekufa na duka limevunjwa."

Damari aliinua mabega, lakini hakuonekana kuwa ameacha.

Nyumbani kwa marehemu mikeka ilikuwa bado imetandikwa. Bi Zabibu, mjane, alikuwa ndani kwa ajili ya eda, akawapokea nyuma ya pazia lililofunguliwa nusu, dada yake akiwa pembeni. Filipo alivua kofia.

"Shikamoo, mama. Pole na msiba."

"Marahaba, baba. Tumeshapoa. Kaeni."

Waliletewa chai na mkate wa kumimina uliokatwa kwa haraka, kipande kimoja kikubwa na kimoja kidogo. Bi Zabibu aliutazama mkate ule akatabasamu kwa huzuni. "Marehemu angekuwepo, angewahi hicho kidogo kabla hamjanyoosha mkono. Miaka yote ya ndoa sijamwona akichukua kikubwa. Kuleni, basi."

Filipo alikula. Mkate ule ulikuwa na iliki nyingi, kama mikate ya zamani, ya sikukuu tu, na alijilaumu kwa kuufurahia ndani ya nyumba ya msiba.

"Mama, kuna kitu chochote alichokuwa anakificha?"

Mjane alimtazama dada yake. Dada akatazama chini.

"Nyie ni watu wazima," Bi Zabibu alisema mwishowe. "Kila siku ya gulio alikuwa anapanda basi kwenda Mkiwa. Anasema anafuata asali. Asali gani ya kila wiki? Tuna madumu mpaka chini ya kitanda. Niliamini ana mtu huko. Na kitu kingine, alianza ugoro. Mselemu, ambaye hakuwahi kuvuta hata sigara. Nilikikuta kikopo kwenye koti lake, nikakificha. Nilimwonea haya."

"Ulikifungua?"

"Nifungue ugoro niufanyie nini?"

Dada mtu alikwenda chumbani akarudi na kikopo cha bati, kile cha mafundi wanaofua vibatari, kikubwa kidogo kuliko kidole gumba. Filipo alikifungua juu ya leso yake. Hakukuwa na ugoro. Kulikuwa na vipande vya vidonge vya rangi ya waridi, na unga wa rangi hiyo hiyo umeshika pembeni.

Bi Zabibu alishika mdomo.

Filipo alivitandaza vipande kwa ncha ya kalamu. Vilikuwa vimekatwa kwa kitu chembamba chenye makali, wembe bila shaka, maana ukingo wake ulikuwa laini. Halafu akaona jambo jingine, akamwita Damari ainame. Hakuna kipande kilichofika nusu. Kila kimoja kilikuwa pungufu, hiki kwa kiasi kidogo, kile kwa kiasi cha kuonekana.

"Mama, alikuwa anameza kutoka wapi? Kwenye pakiti, au humu?"

"Alikuwa anageukia ukutani, anatoa kitu mfukoni, anameza. Nilidhani ana haya ya ugonjwa."

Jambo la tatu la Dokta Luciana lilikuwa limepatikana. Kila siku mzee alimeza, na kila siku alimeza pungufu ya nusu. Filipo alirudisha vipande kikoponi, akakifunika.

"Kuna mtu anachukua kile kingine," alisema Damari walipofika kwenye gari. "Na anayekata anampunja. Anajikatia kikubwa, mzee anaachiwa makombo."

"Ndivyo inavyoonekana," alisema Filipo, na alisema akiwa na hasira. Akilini alikuwa ameshamwona mtu huyo wa Mkiwa, mnono, mwenye wembe.

Damari alishika usukani wa Land Rover ya polisi, na wakaacha mawe makubwa ya mji nyuma yao. Upepo ulikuwa ule ule wa siku zote, wa kuiba kofia. Alizeti zilikuwa zimeiva pande zote mbili za barabara. Ikungi walikuta gulio limefurika: radio za Kichina, ndala, mitumba, sabuni za kila rangi na kila harufu.

"Unaona sabuni zile?" Filipo alisema. "Nilipoanza kazi hapa nilikuwa konstebo wa kulinda foleni ya sabuni. Watu walipanga mawe tangu usiku, kila jiwe na mwenyewe, na ole wako usogeze jiwe la mtu. Ukibahatika unapata mche mmoja kwa nyumba mbili. Mselemu alikuwa nyuma ya kaunta. Sikujua kama ningekuja kumchunguza."

"Mche mmoja mnaugawanaje bila kupigana?"

"Kwa uzi. Na kwa sheria moja ambayo hakuna aliyeiandika. Mmoja anakata, mwingine anachagua. Anayekata hachagui. Ukijua mwenzako ndiye atakayechagua kwanza, mkono wako unakuwa na adabu." Alicheka peke yake. "Ilikuwa shida, Damari. Sitaki irudi. Lakini jirani yangu wa wakati ule namjua mpaka leo alivyokuwa anapumua. Huyu wa sasa hata jina lake silijui."

Damari, ambaye wakati wa mawe na foleni alikuwa mtoto wa kubebwa, aliitikia kwa adabu ya mtu aliyezoea hadithi za namna ile.

Mkiwa ilikuwa njia panda yenye vibanda, moja ya barabara ikikata kwenda Itigi. Hawakuhitaji kuuliza sana. Mama mmoja muuza mahindi aliwaonyesha kwa mdomo: yule mzee wa Singida alikuwa anashuka hapa na kukaa kwa Mzee Antipasi, pale kwenye asali.

"Hakuna mwanamke?" Damari aliuliza.

"Mwanamke gani? Walikuwa wanacheza bao na kubishana kuhusu lori lililokufa zamani."

Mzee Antipasi alikuwa amekaa ndani ya kibanda cha nyasi, chupa za asali zimepangwa mbele yake. Hakuwa mnono. Alikuwa mkavu, shingo nyembamba, na alipoinuka kuwakaribisha alishika nguzo kwanza, akavuta pumzi, ndipo akasimama.

"Shikamoo, mzee," alisema Filipo.

"Marahaba, wanangu. Karibuni. Nimewatambua kwa viatu. Asali ya Itigi, haijachanganywa na kitu."

"Tumekuja kwa habari ya Mzee Mselemu."

"Ah." Mzee alikaa tena. "Akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki. Huyo alinifaa kwa dhiki, na dhiki ilipoisha hakuniacha. Mwulize mtu mwingine habari zake, mimi nitalia tu."

"Alikuwa anakuja kufanya nini hapa?"

"Kunywa chai."

"Chai tu, mzee?"

Mzee Antipasi alitazama barabarani. Mkono wake ulikuwa umepanda kifuani, mahali ambapo mikono ya watu hupanda bila wao kuituma. Filipo alitoa kikopo cha bati akakiweka mezani, kati ya chupa mbili za asali.

Mzee alikitazama. Halafu aliingiza mkono mfukoni mwa koti lake, akatoa kikopo cha pili, pacha wa kile cha kwanza, akakiweka kando yake.

"Tulivinunua kwa fundi mmoja, siku moja," alisema. "Nilishikwa na kifua mwaka jana, njiani, na mzigo wa asali. Nilimwambia yeye tu. Akaniambia ni ugonjwa wake ule ule, anaujua. Akasema, Antipasi, dawa ninayo, tutagawana. Nikakubali. Kitu gani hatukuwahi kugawana? Sabuni, sukari, unga wa njano, shati la sikukuu. Kila gulio anakuja na vidonge vya wiki, tunakata hapa hapa juu ya meza hii."

"Kwa nini hukumwambia binti yako? Anauza dawa hizo."

"Ndiyo sababu sikumwambia. Duka bado changa. Angenipa bure, na mwingine angeomba bure kwa jina langu. Mtaji wa mtoto hauliwi na baba."

"Na vidonge hivi vya mwisho, mbona hujameza?"

"Nilimeza siku mbili. Tangu tumzike sijaweza. Nikifungua kikopo naona vya wawili."

Filipo aliomba ruhusa, akamimina vikopo vyote viwili juu ya leso. Sasa ilikuwa kazi ya mikono. Alichukua kipande kidogo kutoka upande wa Mselemu, akakijaribisha kwenye vipande vya Antipasi, kimoja baada ya kingine, mpaka ukingo ukakaa kwenye ukingo na kidonge kikawa duara. Akafanya hivyo kwa cha pili. Cha tatu kilikuwa na mkwaruzo wa wembe uliopita pande zote mbili bila kukatika. Hakuna wakili angeweza kubishana na mkwaruzo ule. Vidonge vilikuwa vimoja, vilikatwa hapa, na binti aliyeviuza hakuhusika na kilichotokea baada ya hapo.

Damari hakuangalia mkwaruzo. Alikuwa anaangalia ukubwa. Upande wa Antipasi, kila kipande kilikuwa zaidi ya nusu.

"Mzee," alisema, na sauti yake ilikuwa kali, "nani alikuwa anashika wembe?"

"Mimi. Macho yake hayakuwa mazuri."

"Ndiyo maana vikubwa vyote vipo kwako."

Mzee Antipasi alimtazama bila kuelewa. Filipo aliinua mkono kidogo, na hasira aliyokuja nayo kutoka mjini ikamwishia pale pale, ikamwacha na aibu.

"Sajini. Nilikwambia nini njiani?"

Damari alifikiri. Kisha uso wake ukabadilika. "Anayekata hachagui," alisema taratibu.

"Mzee, nani alikuwa anachagua?"

"Yeye, nani tena? Ndiyo desturi." Mzee alianza kuvigusa vipande vidogo kwa ncha ya kidole. "Kidonge si sabuni, mwanangu. Hata ukate kwa makini namna gani, wembe unateleza. Nilikuwa naumia nikiona anachukua kidogo. Kila mara kidogo. Nilimgombeza. Nikamwambia, Mselemu, wewe ndiye mgonjwa wa India, chukua hicho kikubwa. Akacheka. Akasema, mimi nimewekewa chuma, Antipasi. Wewe huna kitu humo ndani."

Lori lilipita kuelekea Dodoma, na vumbi lake likaingia kibandani. Filipo alingoja litulie. Katika miaka yake yote ya kazi alikuwa ameshawaambia watu habari mbaya nyingi, na hakuna hata moja aliyoitamani iwe ya mtu mwingine kama hii.

"Mzee wangu," alisema, "chuma kile ndicho kilichokuwa kinahitaji kidonge kizima. Wewe nusu ilikusaidia. Yeye nusu haikumtosha."

Mzee Antipasi alivitazama vile vipande vidogo. Midomo yake ilitikisika kama anayehesabu, kisha ikaacha.

"Kwa hiyo nilikuwa nakula siku zake."

"Hukujua."

"Na yeye?"

"Naye hakujua. Wale wa India walimuuliza kama anameza kila siku. Akawajibu ukweli."

"Hakuwa mwongo," alisema Mzee Antipasi, na hapo ndipo alipolia, bila sauti, machozi yakifuata mikunjo ya uso. Hawakumharakisha. Damari alichota maji kwenye mtungi akampa, akabaki amepiga goti pembeni yake, na ule ukali wote ulikuwa umemtoka.

Alipotulia, Filipo alimweleza habari za Cecilia: mashtaka ya Rahimu, mahabusu, duka lililovunjwa. Mzee aliinuka kwa ghafla mpaka chupa moja ikaanguka.

"Mtoto wangu yupo ndani, na unaniuliza habari za wembe? Kwa nini hukuanza na hilo?"

"Ningeanza na hilo ungesema lolote ili atoke. Ungesema hata umemchinja Mselemu kwa mkono wako. Nilihitaji ukweli kwanza, mzee. Sasa ninao, na ndio utakaomtoa."

"Na atajua? Kwamba ni mimi?"

"Lazima ajue. Maelezo yako yatasomwa."

Mzee alianza kukusanya chupa zake moja moja, akazifunika kwa gunia, akamwachia mama wa mahindi. "Basi nitamwambia mimi," alisema. "Asisomewe na karani."

Kabla ya kwenda mahali pengine popote, Filipo alimpitisha kwa Dokta Luciana, aliyemsikiliza kifua, akampa dawa, na kusema atalazwa jioni ile ile. Daktari alivitazama vile vidonge vilivyounganishwa juu ya leso, akavua miwani.

"Nitawapigia India," alisema. "Waya wao haukukosea. Lakini kuanzia leo wasiulize tu kama mgonjwa anameza. Waulize kama anameza kizima."

Kituoni, mkuu wa upelelezi alisoma maelezo mara mbili, akatazama vipande kwenye mwanga wa dirisha, akamtuma mtu kwenda kumwita Rahimu. Kisha akasaini karatasi ya kumwachia Cecilia. 

Cecilia alitoka akiwa bado na kanga ya kuazima. Alipomwona baba yake kwenye benchi alisimama.

"Baba. Nani kakuleta? Niliwaambia wasikuambie."

"Kaa kwanza, mwanangu."

Alikaa. Mzee Antipasi alimweleza yote, tangu kifua cha njiani mpaka vikopo viwili, hakuficha wembe wala ukubwa wa vipande. Filipo alitaka kuondoka, akabaki ameegemea fremu ya mlango akijifanya anatafuta kalamu. Kilichomuuma zaidi ni kwamba binti hakulia wala hakumlaumu mtu. Alimsikiliza baba yake kama anavyomsikiliza mteja, mpaka mwisho, kisha akauchukua mkono wake mkavu akauweka kati ya mikono yake miwili.

"Baba, vilikuwa vimejaa dukani," alisema. "Vizima. Rafu nzima. Ungesema tu."

"Najua, mwanangu," alisema mzee. "Tulizoea kukata."